Kijiko cha Kwanza

Pale shuleni Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, hakuna mwanafunzi aliyekula kabla ya Poni. Si kwamba alikuwa mlafi, wala si mtoto wa mkubwa. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chakula, na kazi ya mwenyekiti wa kamati ya chakula ilikuwa kuonja. Mchana sufuria inateremshwa, foleni inajipanga na sahani mkononi, kelele zinakufa, kisha Poni anakuja mbele na kijiko chake cha bati. Anachota. Anatia mdomoni mbele ya shule nzima. Anameza. Halafu ananyanyua kijiko juu na kusema, "Chakula ni nzuri," na foleni inaanza kusogea. Asiposema, haisogei.

Desturi hiyo ilizaliwa mwaka ule wanafunzi walipopindua masufuria kwa ajili ya posho yenye wadudu. Mudir, ndiye mwalimu mkuu, ustaz Fulgensio, alipoyaona masufuria yamelala kifudifudi uani, akaunda kamati. Tangu hapo kila mgeni wa maana akija alipelekwa jikoni akaone jinsi watoto wanavyojitawala wenyewe.

Baba yake Poni, Lako, hakulipenda neno kamati. Alikaa ukimbizini Bweyale, kule Uganda, miaka mingi kuliko aliyokaa kwao, na huko aliziona kamati za kila namna: ya maji, ya mahema, ya amani, na moja ya kuchagua kamati nyingine. Alichojifunza, yeye ambaye darasa la tatu hakulimaliza, ni kwamba kamati ni kichaka. Mkubwa akishafanya jambo lake anaingia humo, na wewe ukimfuata unatoka na miiba. Hata hivyo binti alipokuja kumwambia kwamba wenzake wamemchagua, alicheka mpaka akakohoa.

"Haya, mheshimiwa! Sasa na mimi nina mtu serikalini."

Lako alikuwa fundi wa kuziba jerikani soko la Konyo Konyo. Anapasha chuma kwenye makaa, anakibandika penye ufa, plastiki inayeyuka na kushikana, na moshi wake unamkaa kifuani. Jioni anavuka daraja kurudi Gumbo, na anapika yeye, kwa sababu binti ana vitabu. Lakini mkono wake ulikuwa wa fundi, si wa mpishi, chumvi ilimshinda. Basi kila jioni alikuwa akimnyooshea Poni mwiko.

"Mheshimiwa, kamati inasemaje?"

Poni anaonja, anakunja uso. "Baba, leo umeangusha duka zima humu ndani." Au siku nyingine: "Chumvi imekukosea nini, baba, mbona umeinyima mlango?"

Wanacheka wote wawili. Haikuwa furaha kubwa, ila ilikuwa yao.

Mke wa Lako, Night, alifia hospitalini akijifungua, jenereta ilipozimika kwa kukosa dizeli. Mtoto mchanga naye akamfuata mama yake. Daktari alisema malesh, pole, akaenda zake na tochi. Lako hakumlaumu sana daktari. Aliwalaumu wenye mji, ambao taa za nyua zao zinawaka hadi kunakucha, mbwa wao wanalala kwenye mwanga, na mwanamke anazaa gizani kama panya. Hilo alilisema sokoni, alilisema kanisani, alimwambia kila aliyeleta jerikani iliyopasuka. Watu waliitikia kwa kichwa, wakachukua jerikani zao, wakaondoka.

Kisha yakaja maharagwe.

Yalipanda na barabara ya Nimule, kutoka mpaka wa Uganda, magunia yamelaliana na mapipa ya dizeli katika lori moja. Mapipa yalivuja, magunia yakanywa. Mpishi wa shule, Mirembe, mama mmoja kutoka Masaka, aliyaosha asubuhi nzima na bado akawa anageuza uso kila mvuke ulipompiga.

"Poni, mwanangu," alimnong'oneza pale penye sufuria, "mimi iko naosha mpaka mikono inachubuka. Hii kitu iko nanuka kama gari."

Poni alichota. Akatia mdomoni. Foleni yote ilimwona akisita, mashavu yamesimama, machozi yanamlengalenga. Kisha akageuka pembeni, akatema mchangani, akakilaza kijiko juu ya kifuniko, kifudifudi.

"Chakula si nzuri."

Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Wanafunzi wakaanza kugonga sahani. Mudir akatuma watu kuiita kamati, na Poni akaenda na makamu wake, Tisa, kijana aliyezaliwa na kukulia hapahapa mjini.

Sasa hapo ndipo palipoharibika. Night alikuwa Mwacholi, na alimlea binti yake hivyo: ukifika mbele ya mtu mzima, magoti kwanza, maneno baadaye. "Hata ukienda kudai kilicho chako, piga magoti," alikuwa akisema. "Goti halipunguzi haki." Poni alimpigia magoti baba yake kila asubuhi akimpa maji ya kunawa, aliwapigia majirani, alimpigia hata muuza nyanya. Basi akaingia ofisini, akapiga magoti juu ya saruji, na akiwa vilevile chini akasema neno ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia mudir.

"Ustaz, maharagwe yana dizeli. Mimi sitawaambia wenzangu wale."

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Wale wa nje, na sahani zao na kelele zao, hawakusikia neno. Walichokiona ni mgongo wa mwenyekiti wao na soli za viatu vyake. Wengi wao walikuwa watoto wa Juba, na mtoto wa Juba anapiga magoti kanisani, au pale anapokamatwa ameiba.

Fulgensio alisoma Uganda. Alijua goti lile maana yake nini, alijua kuliko wote. Akainuka, akatoka barazani, akainua mikono.

"Mwenyekiti wenu amepiga magoti mbele yangu. Mmemwona kwa macho yenu. Basi, kalas, yamekwisha. Nendeni mkale!"

Hakusema uongo hata neno moja. Ndiyo elimu hiyo.

Vioo vya chumba cha walimu vilivunjika siku hiyo, na maharagwe yakamwagwa mpaka langoni. Poni aliwakimbilia wenzake akipiga kelele kwamba hakuomba msamaha, kwamba alikuwa anasalimia tu. Sahani ikampata begani. "Madam Magoti!" mmoja akaita, na jina likashika kama upupu. Jua lilipoinama, Poni alikuwa ameshahukumiwa mara mbili: wanafunzi walimkataa kwa sababu alipiga magoti, na mudir akamfukuza kwa sababu aliweka kijiko chini.

Kamati nzima ilirudishwa nyumbani. Baada ya siku chache Tisa na wengine wakaanza kurejea, huyu na mjomba mwenye sare, yule na shangazi wa wizarani. Aliyebaki nje ni binti wa fundi jerikani. Na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Mtahiniwa asiye darasani hana kiti, na bila kiti, miaka yote ile ya Bweyale na Gumbo, ada zilizotoka kwenye moshi wa plastiki, ingekuwa bure.

Lako akavaa shati lake la kanisani, akaenda.

"Mzee Lako! Karibu, karibu sana. Utakunywa chai?"

"Nimekunywa." Alikuwa hajanywa.

"Mimi, mzee wangu, sina neno na binti yako," Fulgensio akasema, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. "Ingekuwa ni mimi, angerudi leo hii. Lakini hii si shule ya zamani, mwalimu kuwa sultani. Iko kamati ya nidhamu. Wanafunzi wenyewe wamo. Wao ndio walioamua."

"Hiyo kamati kaichagua nani?"

"Imechaguliwa."

"Na nani?"

"Mzee, imechaguliwa."

Lako aliona kichaka kile kile cha Bweyale kimeota hapa, tena kimepandwa na kumwagiliwa. Akaomba aione hiyo kamati. Akaonyeshwa: watoto, wamekaa chini ya kibanda cha mabati, mmoja anatafuna kalamu. Katikati yao alikaa Tisa, ambaye siku hizi ndiye alikuwa akionja chakula.

"Mzee, sisi tunakuheshimu," Tisa akasema. "Ila Poni alituuza."

"Aliwauza kwa nani?"

"Alipiga magoti."

"Anapiga magoti kwangu kila asubuhi. Kwani mimi nimemnunua?"

Msichana mmoja akacheka, akajiziba mdomo haraka.

"Mama yake ndiye alimfundisha," Lako akaendelea, sauti ikaanza kumponyoka. "Ni salamu tu! Na wewe, kijana, ulikuwa naye mle ndani. Ulisikia alichosema. Waambie wenzako."

Tisa alitazama viatu vyake. Halafu akatazama mlango wa ofisi ya mudir, ambao kama kawaida ulikuwa wazi.

"Mimi nilikuwa nyuma, mzee. Kelele zilikuwa nyingi."

"Na hapa si Bweyale," akadakia yule wa kalamu. "Huko kwenu mkasalimiane hata kwa kulala chali." Kibanda kizima kikaangua kicheko. Lako alisimama pale na shati lake la kanisani, akangoja wamalize, maana hakujua la kufanya jingine. Huwezi kumpiga mtoto wa watu. Huwezi kubishana na mtu ambaye uwongo wake umeshapewa cheo.

Ofisi ya elimu mjini ikamwambia kwamba mambo ya chakula ni ya kamati ya wazazi. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi Lako alimpata nyumbani kwake, baada ya kukalia benchi mpaka kivuli kikamkimbia. Alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye kanzu safi. Uani kwake liliegeshwa lori lenye vumbi jekundu la barabara ya Nimule, na chini ya lori kuku walikuwa wakidonoa punje za maharagwe. Lako aliwatazama wale kuku, akajua amepeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

"Hayo maneno ya dizeli nimeyasikia," mwenyekiti akasema, akimfuata macho. "Kuku wangu wanayala kila siku, na bado wanataga."

Lako alikuwa na maneno mengi. Alikuwa nayo njia nzima, ameyapanga kama jerikani za kuuza. Alitaka kusema: siku mke wangu anakufa mji mzima haukuwa na dizeli ya kuwasha taa moja, leo dizeli ipo mpaka kwenye maharagwe ya watoto, ninyi watu mnaiweka wapi mtu akiihitaji? Akafungua mdomo.

"Asante, mkubwa," akasema.

Njia nzima ya kurudi alijitukana.

Haukupita muda, mudir akampigia simu mwenyewe. Wageni wanaoisaidia shule walikuwa wanakuja Ijumaa. Walisikia habari za vioo, walisikia kuna msichana aliyeweka kijiko chini, na wakamtaka huyo huyo.

"Alikiweka chini mbele ya watu," Fulgensio akasema. "Akinyanyue mbele ya watu. Aonje, aseme yale maneno yetu ya siku zote. Jumatatu yuko darasani. Neno langu hilo."

"Na kamati ya nidhamu je?"

"Itakubali."

"Na maharagwe ni yale yale?"

"Mzee, shule haina mengine."

Jioni hiyo Poni alimletea baba yake maji, akapiga magoti kama siku zote, na Lako akamwambia. Alimwambia huku akitazama jiko. Binti hakuinuka.

"Na wewe unasemaje, baba?"

"Mimi nitasema nini? Mimi mtu wa jerikani."

"Wewe ni baba."

Lako akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. "Kijiko kimoja tu, mwanangu."

"Si kimoja, baba. Cha kwanza ndicho changu. Vingine vyote ni vya watu, na watakula kwa sababu mimi nimesema."

Hapo Lako akalipuka. Akamtukana mudir, akamtukana mwenye lori, akapanda juu zaidi, akawatukana wakubwa wote kwa vyeo vyao, kwa sababu majina hakuyajua yote. Akawatukana kwa Kibari, lugha ya kwao, akamalizia kwa Kiswahili cha wanajeshi wa Uganda, mpaka jirani akachungulia juu ya ua na kuuliza, "Baba Poni, kuna nyoka?" Matusi yakaisha. Mtihani ulikuwa palepale ulipokuwa. Poni naye alikuwa palepale, magotini, anangoja.

"Mama angesemaje?" akauliza.

"Mama yako hayupo."

Kisha Lako akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, "Onja, Poni. Onja, usome, utoke hapa."

"Sawa, baba."

Ijumaa hakwenda Konyo Konyo. Alisimama nyuma ya jiko la shule, penye ua wa matete. Mirembe alimwona, akamsogelea akifuta mikono kwenye kitenge.

"Leo nimeweka kitunguu, nimeweka nyanya, nimeweka kari. Lakini mzee, hii kitu iko najificha tu. Haijaenda."

Foleni ilikuwa imeshajipanga. Wageni walikaa chini ya turubai na chupa zao za maji, mudir kati yao, anatabasamu. Poni alikuja na sare aliyoipiga pasi ya mkaa alfajiri, amekishika kijiko chake. Alipofika mbele ya mudir akasimama. Mudir akangoja. Shule nzima ikangoja, na wengine walikuwa wameanza kutabasamu mapema.

Poni hakupiga magoti.

"Habari za mchana, ustaz," akasema, wima kama nguzo.

"Ala! Madam Magoti leo kasimama!" mtu akaropoka kwenye foleni, wakacheka. Lako hakucheka. Tangu binti yake ajue kutembea hakuwahi kumwona akimsalimia mtu mzima amesimama, na alihisi kama amemwona Night akitoka mlangoni mara ya pili, bila kuaga.

Poni akaenda kwenye sufuria. Akachota, kijiko kimejaa. Akatia mdomoni. Safari hii hakusita. Lako aliona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akageuza kichwa, akatafuta kwenye ua wa matete mpaka akampata baba yake, akamtazama. Lako akaangalia chini.

"Chakula ni nzuri," Poni akasema, na kijiko kikapanda juu.

Wageni wakapiga makofi. Foleni ilisimama kidogo, sahani zimetulia, kila mtu anamtazama mwenzake. Wakamtazama Tisa. Tisa alitazama viatu vyake, kisha akanyoosha sahani, akawa wa kwanza. Wengine wakafuata. Tangu asubuhi walikuwa hawajatia kitu tumboni, na njaa haina kamati.

"Mama Mirembe," Lako akanong'ona, "nipe kidogo. Hata kwenye kifuniko. Nataka nijue."

Mirembe alimtazama muda mrefu, upawa mkononi.

"Ya nini, mzee? Ukishajua, utafanya nini?"

Lako alilitafuta jibu. Alilitafuta pale uani, akalitafuta barabarani malori yanapopita yakimrushia vumbi, akalitafuta mpaka nyumbani.

Jumatatu Poni akarudi darasani. Mudir alitimiza neno lake. Wakubwa hutimiza neno likiwa limeshalipiwa. Wanafunzi hawakumwita tena Madam Magoti. Hawakumwita chochote. Alikaa peke yake kwenye dawati la watu wawili, akasoma.

Jioni Lako alipika mboga za majani na samaki mkavu, akaweka na mbegu za ufuta zilizotwangwa kama alivyofanya Night. Poni aliingia, akaweka mfuko wake wa vitabu chini, akasalimia amesimama. Lako alijifanya hajaona. Alikoroga sufuria, akachota kwenye mwiko, akapuliza ili usimchome, akamnyooshea kama siku zote.

"Haya, mheshimiwa. Kamati inasemaje?"

Poni hakuupokea mwiko. Hata kichwa hakuinamisha kunusa.

"Chakula ni nzuri, baba," akasema, akaenda kunawa mikono.

Lako alibaki ameushika mwiko hewani, mchuzi unamtiririkia kwenye kiganja. Chumvi ilikuwa bado katika mkono wake mwingine, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Alikuwa hajaufungua.